Ya Saba

Ufunguo ninao mimi, umefungwa kwa kamba ya kiatu;
mnyororo wake uliganda ukakatika Januari.
Kilima chenyewe ni kidogo, mgeni hukipita
akidhani ni lundo la theluji.
Juu yake kibanda cha mbao, na kuba la bati
ambalo kabla ya kuwa mbingu yetu
lilikuwa kifuniko cha ghala la shayiri.

Mlangoni, kibao cha shaba:
TAAVETTI KORPIAHO, MFANYABIASHARA.
Basi. Neno "mfadhili" alilikataa mwenyewe,
alisema linanuka maua ya msibani.

Aliuza taa.
Niseme vizuri: aliuza kila taa ya Haukilampi,
za barabara, za zizi, za uwanja wa barafu,
hadi ile ya kaburini kwa mchungaji.
Huku kwetu jua la Desemba huchungulia tu, likarudi kulala,
na anayeuza mwanga mahali kama hapa
hana haja ya kupiga debe.

Sisi tulikwenda kumshitaki kwake mwenyewe.
Watano: mimi, ninayesafisha meno ya watu zahanati,
Raunio seremala, Eemeli dereva wa basi,
na mapacha wa Sivonen, bado wanafunzi.
Tulibeba picha mbili za anga moja.
Ya zamani, nyota kama unga uliomwagika.
Ya mwaka ule, rangi ya chai ya maziwa.
"Chai hii," Raunio akamwambia, "umeipika wewe."

Hakukasirika. Alivaa miwani, akaivua.
"Kilimia kiko wapi hapa?"
Tukamwonyesha palipokuwa Kilimia.
Alinyamaza hadi kahawa ikapoa.
"Mama alikuwa akinihesabisha. Mimi nasema saba.
Yeye anasema sita, mvivu wewe, ya saba umeibuni."

Wiki iliyofuata mafundi wake walipanda nguzo
wakaivisha kila taa kofia, itazame chini
kama mtoto aliyekemewa.
Taa mia nne na kumi na mbili, kwa fedha yake.
Kisha akatununulia kilima,
na kioo cha darubini, kipana kama sinia.

Wapo waliosema anaosha dhambi. Wapo waliosema ni uzee.
Mkewe Lempi alisema amechoka kuulizwa bei.
Mimi sijui. Hakuna lenzi niliyowahi kuona nayo moyo wa mtu.

Siku ya ufunguzi, mawingu. Meya aliyahutubia, tukala keki.

Alirudi peke yake Februari,
nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
jicho la kushoto limeshikwa na mtoto wa jicho.
Nikamlengea Zohali. Akainama.
"Naona nyasi nyeusi."
Ni kope zako, nikasema, rudi nyuma kidogo.
Akarudi. Pumzi yake ikaganda juu ya chuma.
Halafu sikusikia neno, nilisikia viatu tu
vikilia kwenye ubao,
kama vya mtu anayetafuta kiti na kiti hakuna.
"Kumbe ina pete kweli," akasema,
kwa sauti ya mteja aliyekwisha kujiandaa kudanganywa.
Na baadaye, akifunga kofia:
"Mwanga wote ule, bili analipa nani?"

Amekufa miaka sita sasa.
Bango la duka lake bado linawaka, jekundu, kusini,
linatafuna nyota za chini. Mwanawe hataki kulizima.
Kila mkutano tunalilalamikia, kila mkutano linaandikwa,
chini kabisa, baada ya ada za uanachama.

Usiku huu Eemeli amechelewa na basi.
Nafagia theluji juu ya kuba, nasukuma kifuniko,
kinalalama, kinakubali.
Kilimia kimepanda.
Kabla ya kugusa darubini, huwa nahesabu kwa macho matupu,
kwa niaba ya mama wa mtu mwingine.
Sita.
Nasubiri, vidole vinakufa ganzi ndani ya glavu.
Sita.
Mvivu mimi, huwa naibuni.